Ameona nini, na amemwambia nani

Mpwa wangu alikuwa na miaka 12 alipoacha kulala gizani. Dada yangu alidhani ni masomo, mimi nikadhani ni umri. Zilipita wiki tatu kabla hajatamka kwamba aliona video ya mtu akipigwa na kundi la watu mpaka akaacha kujitikisa. Hakuitafuta. Aliazima simu ya mama yake apige picha ya zoezi la hesabu, na alipokuwa akiitafuta ile picha akaikuta video, imejihifadhi yenyewe kama zinavyojihifadhi video zote za kundi letu la familia la WhatsApp. Aliyeirusha kundini ni mimi.

Niliirusha kwa nia njema, kama wanavyosema wote. Chini yake niliandika "tuwe waangalifu" na alama mbili za mshangao, nikaendelea na shughuli zangu. Na ni mimi huyohuyo ambaye miezi michache kabla nilimsimanga dada kwa kumruhusu mtoto kucheza gemu za kurushiana risasi.

Tangu hapo nimejiuliza kwa nini macho yangu yalikuwa kwenye gemu ilhali balaa liliingilia mlango niliokuwa nimeushika mwenyewe. Zaidi ya hapo nimejiuliza kuhusu zile wiki tatu. Video ilidumu chini ya dakika moja. Kimya kilidumu siku 21, na sina shaka kwamba hicho ndicho kilichomnyima usingizi zaidi.

Hofu ya burudani za watoto ina ukoo mrefu. Mwaka 1954 daktari wa akili Fredric Wertham alichapisha nchini Marekani kitabu kilichodai kwamba vitabu vya katuni vinachangia kuzalisha vijana wahalifu. Seneti ikaita vikao, wachapishaji wakaingiwa na hofu, na kabla ya mwaka kwisha wakajitungia kanuni za kujichuja zilizodumu kwa miongo kadhaa. Mwaka 2012 mtafiti Carol Tilley, baada ya kuzipekua nyaraka za daktari huyo, alionyesha kwamba maelezo ya watoto yalikuwa yamepindwa na mengine kutiwa chumvi. Kufikia wakati huo katuni zilishasahauliwa. Ilikuwa imepita zamu ya runinga, na tulikuwa katikati ya zamu ya gemu.

Kwenye runinga ushahidi ulikuwa mzito zaidi, na ni haki kuutaja. Mwaka 1961 Albert Bandura wa Chuo Kikuu cha Stanford alichapisha matokeo ya jaribio ambalo kila mwanafunzi wa saikolojia analijua. Watoto wa shule ya awali walimwona mtu mzima akimtwanga mwanasesere mkubwa wa kujazwa upepo kwa ngumi na nyundo, kisha walipoachwa na mwanasesere yuleyule wengi wakafanya vilevile, hadi maneno aliyoyatamka wakayarudia. Wakosoaji wamesema, na mimi naona wana hoja, kwamba mwanasesere yule alitengenezwa ili apigwe aanguke na kuinuka. Kumpiga ndiyo kumchezea.

Sehemu ninayoirudia mara kwa mara ni ya mwaka 1965, ambayo haitajwi sana. Safari hii Bandura aliwaonyesha baadhi ya watoto filamu ambamo mpigaji anaadhibiwa mwishoni. Watoto hao waliiga kidogo kuliko wenzao, na hapo mtu angeweza kufunga daftari akasema adhabu inafanya kazi. Lakini Bandura akaendelea: akawaahidi watoto zawadi kwa kila walichoweza kukumbuka na kukionyesha, na tofauti kati ya makundi ikatoweka. Wale walioona adhabu walikuwa wameyashika yote. Walichojifunza cha ziada ni kutoyaonyesha.

Wazazi wengi tumekaa palepale pa filamu ya 1965 bila kuiona sehemu ya pili. Mtoto hasemi, basi tunadhani hajui.

Mabishano ya gemu nitayapita haraka. Seneti ileile ilikaa tena mwaka 1993, mwaka uliofuata wenye sekta wakaanzisha ESRB ya kupanga gemu kwa umri, na Ulaya ikapata mfumo wake, PEGI, mwaka 2003. California ilipotunga sheria ya kukataza watoto wasiuziwe gemu zenye ukatili, Mahakama ya Juu ya Marekani iliitupa mwaka 2011 kwa kura 7 dhidi ya 2. Chama cha wanasaikolojia cha nchi hiyo, APA, kilisema mwaka 2015 kwamba gemu hizo zinahusiana na ukali, na mwaka 2020 kikaongeza kwamba ushahidi hautoshi kuzihusisha na vitendo vya kikatili. Kati ya hapo, mwaka 2019, Andrew Przybylski wa Oxford na Netta Weinstein wa Cardiff waliwachunguza vijana wa Uingereza wapatao 1,000 wenye miaka 14 na 15. Walitangaza mapema jinsi watakavyochambua takwimu, ili wasije wakachagua jibu lenye kuwafurahisha, na hawakuona uhusiano kati ya muda wa kucheza gemu za ukatili na ukali ambao wazazi waliueleza kwa watoto wao. Ukiniuliza mimi, gemu zimekaa kizimbani muda mrefu kuliko ushahidi unavyoruhusu.

Haimaanishi kwamba mtoto wa miaka 6 apewe chochote kilichopo. Joanne Cantor wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, aliyetumia miaka mingi kuchunguza hofu za watoto, alieleza jambo ambalo kila mlezi anaweza kulihakiki nyumbani kwake. Watoto wadogo huogopa kinachotisha kwa sura: zimwi, kinyago, mtu anayegeuka mnyama. Wakikua, zimwi linawachekesha, na kinachowakosesha raha kinakuwa kile kinachoweza kutokea kweli. Ndiyo maana taarifa ya habari inaweza kumsumbua mwenye miaka 12 kuliko filamu ya mizimu, na ndugu yake wa miaka 5 akapita mbele ya taarifa hiyohiyo akiwa anaimba. Wanaopanga filamu na gemu kwa umri hawagusi habari, na hawagusi kabisa video isiyo na jina inayozunguka kwenye simu.

Nadhani hapo ndipo tulipoachwa nyuma. Tunaposema "ukatili katika vyombo vya habari" bado tunafikiria kazi iliyotungwa, yenye mwandishi, mwanzo, mwisho na mtu anayelipa kwa alichofanya. Ukatili unaowafikia vijana siku hizi mara nyingi ni kipande cha sekunde chache. Hujui ni wapi, hujui yule mtu alikosa nini au kama alikosa, hujui kama alipona. Mtoto anabaki na maswali, na aliyeituma hana jibu kwa sababu naye aliipokea hivyohivyo. Marehemu George Gerbner, aliyechunguza runinga kwa miongo kadhaa, alishikilia kwamba mtazamaji sugu anakuja kuamini dunia ni katili na ya kutisha kuliko ilivyo, hata kama yeye mwenyewe hatamgusa mtu. Alisema hayo wakati runinga ilikuwa ikizimwa usiku.

Tarehe 15 Machi 2019 mtu mmoja aliwashambulia waumini katika misikiti miwili mjini Christchurch, New Zealand, akaua watu 51, na akarusha mauaji yake mubashara kwenye Facebook. Kampuni ilieleza baadaye kwamba waliotazama wakati tukio likiendelea hawakufika 200. Katika saa 24 za kwanza nakala milioni 1.5 za video hiyo ziliondolewa, nyingi zikiwa zimezuiwa wakati wa kupakiwa. Nakala hizo hazikujizalisha. Kila moja ilikuwa na mtu aliyekaa akaamua kuipandisha upya. Ila kinachonikaa moyoni ni kingine: katika wote waliotazama mubashara, hakuna hata mmoja aliyeripoti. Ripoti ya kwanza ilikuja dakika 12 baada ya matangazo kukatika. Tunawalaumu watoto kwa kuona na kunyamaza, na sisi je?

WhatsApp nayo ililitambua tatizo la mikono yetu. Mwaka 2019 iliweka ukomo duniani kote wa kusambaza ujumbe kwa mazungumzo 5 kwa mkupuo, na mwaka 2020 ujumbe uliokwisha kuzungushwa sana ukabanwa kwenye mazungumzo mamoja kwa kila mara. Ni kipingamizi kidogo, kama jiwe lililowekwa njiani, lakini kinamlazimisha mtu asimame. Angalau mimi kimenisimamisha.

Mitandao ya video fupi imejengwa kwa mantiki iliyo kinyume na hiyo. Video inaanza bila kuguswa na ukurasa hauna mwisho. Mfumo unapima unachobonyeza, na pia mahali kidole chako kinaposita. Sasa mfikirie mtoto aliyekutana na picha ya kutisha. Kidole kinasita kwa sababu amepigwa na butwaa, na mashine haina namna ya kuujua moyo wake. Imeona kusita, ikaandika kwamba kimempendeza, ikamletea kingine. Siku hazipiti nyingi mtoto anaanza kujiona ana kasoro: kwa nini haya yananifuata mimi? Kuna nini ndani yangu? Atamweleza nani, wakati simu yenyewe inaonekana kumshuhudia vibaya?

Mwaka 2022, jijini London, msimamizi wa uchunguzi wa vifo alihitimisha kwamba maudhui ya mtandaoni yalichangia kifo cha binti wa miaka 14 aliyejiua mwaka 2017. Katika miezi sita ya mwisho ya maisha yake, kati ya posti takriban 16,300 alizozihifadhi, kuzipenda au kuzisambaza kwenye Instagram, posti 2,100 hivi zilihusu sonona, kujidhuru au kujiua, na uchunguzi ulibaini kwamba baadhi ya maudhui ya aina hiyo aliletewa na mifumo ya mitandao bila kuyaomba. Wazazi wake hawakujua. Walikuwa wazazi waliokuwepo, wanaojali, katika nyumba ya kawaida. Mtu anayesoma kisa hiki na kusema "mimi ningejua" aseme taratibu.

Kuna hatari nyingine ambayo haina damu wala kelele, nayo inatumia kimya kama mtaji. Kijana anapata ombi la urafiki kutoka kwa msichana wa rika lake. Picha ni za kawaida, marafiki wa pamoja wapo. Wanachati, wanahamia kwenye programu nyingine, msichana anatuma picha ya utupu na kuomba yake. Akituma tu, sauti inabadilika. Aliye upande wa pili ni mtu mzima, pengine kundi zima, lenye orodha ya ndugu na wanadarasa wa kijana huyo tayari mkononi. Lipa, la sivyo wote wataiona. FBI, shirika la upelelezi la Marekani, imekuwa ikionya kwamba wanaolengwa zaidi na utapeli huu wa kudai pesa ni wavulana wa miaka 14 hadi 17, na kwamba wapo waliojiua, baadhi yao saa chache tu tangu mazungumzo yalipoanza.

Itazame biashara hiyo kwa jicho la mhasibu. Bidhaa inayouzwa hapo ni uhakika kwamba mtoto hatamwambia mzazi, kwa maana siku kijana akiingia sebuleni na kusema "nimefanya upuuzi, kuna mtu ananitishia," tapeli amebaki na picha tu, na nguvu yote ya tishio imekwisha. Kwa hiyo kila nyumba ambamo mtoto anajua hakika kwamba akisema atanyang'anywa simu, atachapwa na kutangazwa kwa ukoo mzima, inamfanyia tapeli nusu ya kazi, bila malipo.

Ushauri wa wanaoshughulikia kesi hizi ni mfupi na unafaa ujulikane kabla haujahitajika. Usilipe, kwa sababu anayelipa huombwa tena. Acha kujibu, lakini usifute mazungumzo, maana ndiyo ushahidi. Mripoti kwenye mtandao husika na polisi. Kwa picha zilizopigwa mtu akiwa chini ya miaka 18, ipo huduma ya bure iitwayo Take It Down, iliyozinduliwa mwaka 2023 na NCMEC, kituo cha Marekani kinachoshughulikia watoto waliopotea na walionyanyaswa. Simu ya mhusika inatengeneza alama ya kidijitali ya picha, kitu kama alama ya kidole, na ni alama hiyo tu inayopelekwa. Picha yenyewe haitoki kwenye simu. Kampuni zilizojiunga zinaitumia kuitafuta picha na kuiondoa. Haifiki kila pahali, hasa kwenye mazungumzo yaliyofungwa kwa usimbaji, ambayo mtu wa nje hawezi kuyasoma. Kijana aliyekuwa akiamini maisha yake yamekwisha, hata hivyo, anapata jambo la kufanya kwa mikono yake usiku huohuo.

Serikali nazo zimeamka. Ule umri wa miaka 13 unaoulizwa unapofungua akaunti chimbuko lake ni sheria ya Marekani ya mwaka 1998, COPPA, iliyohusu ukusanyaji wa taarifa za watoto. Haikuwa hesabu ya lini akili ya mtoto iko tayari kwa mitandao, ingawa wengi tumeichukulia hivyo. Uingereza ilipitisha Sheria ya Usalama Mtandaoni mwaka 2023, na tangu Julai 2025 tovuti za ponografia na zile zenye maudhui ya kujidhuru zinadaiwa kuhakiki umri kwa dhati badala ya kumwuliza mtoto kisha kumwamini. Australia imekwenda mbali zaidi: kuanzia tarehe 10 Desemba 2025 mitandao mikubwa inatakiwa kuwazuia walio chini ya miaka 16 kuwa na akaunti, na kampuni inayozembea inaweza kutozwa faini ya hadi dola milioni 49.5 za Australia. Mtoto na mzazi hawaadhibiwi.

Kipengele hicho cha mwisho ndicho kinachonipendeza kuliko umri wenyewe. Ni haki aliyejenga ngazi ndiye aulizwe kwa nini haina kishikio. Kuhusu marufuku ya umri nina wasiwasi mmoja ambao sijapata wa kuniondolea. Kijana wa miaka 14 atakayepenya, na wapo watakaopenya, atakuwa mahali ambapo kisheria hayupo. Akitishiwa huko ataanzaje kueleza? Sentensi yake ya kwanza itabidi iwe kukiri kosa. Sonia Livingstone wa LSE, chuo cha uchumi cha London, na wenzake, waliochunguza watoto wa nchi nyingi za Ulaya, wamekuta kwamba mzazi anayebana sana anapunguza hatari, na kwa mkono huohuo anapunguza ujuzi na faida ambazo mtoto angezipata. Kamati ya Umoja wa Mataifa ya Haki za Mtoto, katika Maoni yake ya Jumla Namba 25 ya mwaka 2021, nayo ilizitaja haki mbili kwa pamoja: kulindwa mtandaoni na kushiriki mtandaoni.

Kuna mambo madogo ya simu ambayo yanasaidia, na nayasema kwa kuwa nimeyafanya kwa kuchelewa. Nimezima uhifadhi wa video kwenye WhatsApp, dada naye amezima. Video kujianzisha zenyewe kumezimwa kila panapozimika. Ujumbe kutoka kwa wasiojulikana umefungwa kwenye akaunti za mtoto. Usiku simu hazilali chumbani, zangu zikiwemo, na hilo la "zangu zikiwemo" ndilo lililozua mjadala mkali kuliko yote.

Lililokuwa gumu zaidi ni mazungumzo. Nilianza vibaya, kwa kumwuliza mpwa wangu, "Kuna kitu kibaya umeona?" Jibu la swali hilo kwa mtoto yeyote mwenye akili timamu ni hapana. Baadaye nikajaribu kuuliza wenzake wanarushiana nini siku hizi, na hapo akafunguka, kwa sababu nilikuwa nazungumzia wengine. Kisha dada na mimi tukafanya jambo ambalo dada alilipinga mwanzoni, akiona ni kumlegezea kamba. Tulimwahidi kwa maneno, mbele ya wote, kwamba akija kusema chochote alichokiona au alichokifanya mtandaoni, simu haitachukuliwa siku hiyo. Tutazungumza, na ikibidi tutabadilisha mambo, lakini kusema hakutakuwa kosa. Nikamwomba radhi pia kwa ile video. Alinitazama kwa mshangao, kana kwamba hakuwahi kufikiria kwamba video ina mtu aliyeituma.

Miezi ikapita, nikaanza kuamini tulikuwa tumejifurahisha tu. Halafu Jumapili moja akaja nilipokuwa nimekaa, akaiweka simu mezani ikiwa imeinamishwa kioo chini, na kiganja chake akakiacha juu yake.

"Mjomba," akasema, "usiangalie kwanza. Nisikilize kwanza."